SOMO LA KIKUNDI: TUNAPOJENGA, WATOTO WAKO WAPI?



Somo hili ni la mkutano mmoja, wa saa moja na nusu hivi. Mmoja asome kwa sauti, sehemu baada ya sehemu, na wengine wasikilize. Mkifika penye maswali, simameni mjadiliane. Msikimbie. Afadhali mmalize nusu ya somo mkiwa mmeelewana kuliko kulimaliza lote na kila mtu arudi nyumbani kama alivyokuja.

KUONA

Hapa kwetu Ruiru kila mtu anajenga. Mashamba mengi yaliyokuwa ya kahawa yamekatwa ploti. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, watu wamezidi kuja, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru. Lori za mawe ya Ndarugo na Juja hupita tangu alfajiri. Ni jambo la kumshukuru Mungu mtu akitoka nyumba ya kupanga akaingia kwake.

Lakini tuangalie vile sisi wa vikundi tunavyojenga. Mwenye pesa nyingi hujenga akiwa anakaa kwingine, akahamia nyumba ikiisha. Sisi hatuwezi kulipa kodi na kununua simiti kwa wakati mmoja. Kwa hivyo tunaweka chumba kimoja au viwili vya mabati kwenye ploti, tunahamia na watoto, halafu tunajenga nyumba ya mawe hapo kando. Mwaka huu msingi. Mwaka ujao kuta, zamu ya merry-go-round ikifika. Mabati baadaye, Mungu akipenda. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kuchimba msingi anaweza kuanza shule kabla ya mlango wa mbele kuwekwa. Yaani mtoto huyo amelelewa ndani ya mjengo.

Kisa

Kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kiliamua kumsaidia mama mjane kujenga. Walichanga pesa za mawe, na kila Jumamosi wanachama walikuja kufanya kazi kwa mikono yao. Wanaume walichanganya simiti, akina mama walichota maji na kupika. Sisi pia tulikuwepo Jumamosi moja, na tulikuwa tumesimama tukiusifu umoja wao.

Maji ya mjengo yalikuwa kwenye pipa lililokatwa nusu, likiwa wazi. Watu wazima walikuwa zaidi ya ishirini uwanjani. Nyanya mmoja alitoka jikoni kutafuta sufuria, akaona miguu miwili midogo imesimama juu ya pipa. Alikuwa ni mtoto wa mwisho wa yule mama, wa miaka miwili na nusu. Nyanya alimvuta kwa mguu mmoja akipiga kelele. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Tukashukuru kusikia kilio hicho kuliko wimbo wowote. Alipelekwa hospitali, akapona.

Jioni tuliulizana: nani alikuwa anamwangalia mtoto? Kila mmoja alifikiri ni mwingine. Mama alifikiri yuko na shangazi. Shangazi alifikiri yuko na mama. Na sisi tuliojiita walimu wa jamii hatukuwa tumeuliza neno. Tulikuwa tumepanga mawe, mchanga, chakula, hata maombi ya kufungua kazi. Mtoto hakuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, jambo kama hili limewahi kutokea au kukaribia kutokea kwetu?
2. Kwa nini penye watu wengi ndipo mtoto anapotea machoni?
3. Ni ploti ngapi za wanachama wetu zilizo na shimo lililo wazi leo?

KUAMUA

Neno la Mungu halikusahau mambo ya ujenzi. Somo moja liko katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia ya damu. Lingine liko katika Kutoka 21:33-34: aliyechimba shimo akaliacha wazi, mnyama wa mwenzake akaanguka humo, ni lazima alipe. Fungueni Biblia msome wenyewe. Kama ng'ombe wa jirani ana hesabu yake, je, mtoto?

Tunaposoma hivyo tunaona kwamba kufunika shimo ni sehemu ya kujenga. Si kazi ya kufanywa pesa zikibaki.

Tuangalie sasa hatari zenyewe, moja moja.

1. Shimo na maji. Hii tumeiweka ya kwanza. Mara nyingi tunaogopa siku ya kazi, wakati mafundi wako, nyundo zinalia. Lakini siku hiyo angalau kuna watu. Hatari kubwa iko kazi ikisimama kwa sababu pesa zimeisha. Mtaro wa msingi unabaki wazi, shimo la choo linabaki wazi, halafu mvua ndefu za Machi hadi Mei zinaingia. Maji ya matope hayaonyeshi kina chake, na udongo wa kando hulainika ukaporomoka. Mtoto mdogo anaweza kufa maji hata kwenye karai au ndoo, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua.

2. Simiti na chokaa. Simiti iliyotiwa maji huchoma ngozi. Haichomi kwa moto, bali polepole, na mtoto anaweza kukaa nayo miguuni saa nzima bila kulia, kisha ngozi ikatoka. Chokaa ni hivyo hivyo. Machoni ni hatari zaidi, inaweza kupofusha.

3. Vumbi. Vumbi la mawe na simiti huingia kifuani. Mtoto mwenye pumu hushikwa usiku. Fundi naye anaumia, maana vumbi la mawe likivutwa miaka mingi huharibu mapafu kabisa.

4. Misumari, mbao na mawe. Mbao zilizotolewa misumari nusu ndizo mbaya. Mawe yaliyopangwa juu juu humwita mtoto apande. Mfuko wa simiti ni kilo 50, ukimwangukia mtoto si mchezo.

5. Vitu vya chupa. Thina, parafini na dawa ya mchwa huwekwa kwenye chupa za soda. Mtoto anajua chupa ya soda ni ya nini.

6. Stima ya kuunganisha. Waya unaotolewa chumba cha mabati kwenda kwa fundi, ukipita chini kwenye maji, unaweza kuua. Mabati yakiguswa na waya uliochubuka, nyumba nzima inakuwa na stima.

7. Jiko la makaa. Wakati wa ujenzi jikoni huvunjwa, na kupika kunahamia chumba cha kulala. Wengine huingiza jiko kwenye chumba kipya ili plasta ikauke haraka, hasa baridi ya Juni hadi Agosti. Jamani, makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia hulala isiamke. Plasta ikaushwe na upepo, madirisha yakiwa wazi.

8. Paa kuukuu. Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa asbesto, zile bati za kijivu zinazofanana na simiti. Usizivunje wala kuzikata, na watoto wasizichezee. Vumbi lake huleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa sheria yetu hiyo ni taka ya hatari, na anayeiondoa awe na kibali cha NEMA.

9. Watu wageni. Mafundi na vibarua wengi ni watu wema. Hata hivyo tusimwachie kibarua mtoto, wala tusimtume msichana peke yake kupeleka chai mjengoni. Mtoto akisema ameguswa vibaya, tumsikilize. Simu 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto, Kenya nzima.

KUTENDA

Kabla ya kuchimba

Usichimbe msingi mpaka uwe na pesa za kuufikisha juu ya ardhi. Huu ndio ushauri mkubwa wa somo hili. Afadhali pesa zikae kwenye chama miezi sita kuliko mtaro ukae wazi miezi sita. Choo vivyo hivyo: usichimbe kabla ya kuwa na kifuniko. Na kwenye hesabu ya ujenzi, mstari wa kwanza uandikwe "ua na vifuniko". Si lazima viwe vya bei. Fito, sengenge, mabati yaliyotoboka na mbao za zamani zinatosha, mradi mtoto hawezi kupita.

Fikirieni pia kama watoto wataondoka. Wengi husema, "Tuwapeleke ushago kwa nyanya." Kwa wiki moja ya kumwaga slabu ni sawa. Kwa mwaka mzima tufikirie vizuri: mtoto anayenyonya hatenganishwi na mama, na nyanya naye ana nguvu zake. Mara nyingi jirani wa kikundi kumpokea mtoto mchana inatosha.

Kila siku ya kazi

- Mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi wa watoto. Hapiki, habebi maji. Akitaka kuondoka, amkabidhi mwingine kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Kazi hii ihesabiwe sawa na ya kubeba mawe.
- Gawanya ploti mara mbili kwa ua. Upande wa watoto uwe na mlango wa kutokea barabarani bila kupita mjengoni.
- Mapipa yawe na vifuniko vizito. Ya mwisho ya siku yamwagwe na kupinduliwa.
- Mchanga na mawe yamwagiwe maji kabla ya kuchekechwa au kukatwa. Chumba cha kulala kipanguswe kwa kitambaa kibichi, kisifagiwe kikavu. Chakula kifunikwe.
- Fundi avue nguo na viatu vya simiti kabla ya kumbeba mtoto.
- Jioni mtoto mkubwa na mzazi waokote misumari. Mtoto asibebeshwe mawe wala simiti.
- Mawe yasipangwe kupita kiuno cha mtu mzima.
- Mbao zinazoshikilia slabu zisitolewe mapema ati zinahitajika kwingine. Simiti huchukua siku 28 hivi kupata nguvu yake. Hakuna kucheza chini yake kabla ya hapo.

Kazi ikisimama

Siku ile fundi anapolipwa na kuondoka, asipewe pesa ya mwisho kabla hamjazunguka ploti pamoja: mashimo yamefunikwa? Misumari imeokotwa? Waya umetolewa? Ngazi imelazwa?

Mtoto naye

Mtoto mdogo huchoka na kelele. Usingizi unapotea, analia bila sababu, wengine wanarudia kukojoa kitandani. Asipigwe. Kula kwake na kulala kwake kubaki saa zile zile. Mwonyeshe nyumba, mwambie hapa tutalala, pale ni mwisho wako. Akielewa, anakuwa askari wa kuwakataza wenzake.

Ajali ikitokea

- Simiti au chokaa: pangusa iliyo kavu, vua nguo, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka dakika 20. Macho vile vile. Usipake mafuta. Kisha hospitali.
- Amekunywa parafini au thina: asitapishwe, asipewe maziwa. Nenda hospitali na chupa yenyewe.
- Amechomwa na msumari: osha kwa sabuni na maji, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo pamoja na kitabu chake cha kliniki, kwa ajili ya pepopunda.
- Ametolewa majini: asining'inizwe kichwa chini. Asipopumua, anayejua kumpulizia pumzi aanze papo hapo, mwingine atafute gari. Hata akipata nafuu, aonwe na daktari.

Kikundi kiombe mhudumu wa afya aje awafundishe kupulizia pumzi kwa vitendo. Nauli ya kwenda hospitali ya Ruiru au Thika Level 5 itengwe kwenye mfuko wa kikundi kabla ya kazi kuanza. Usiku si wakati wa kuchanga.

KAZI YA MWEZI HUU

1. Wanachama wawili wawili watembelee kila ploti inayojengwa, wahesabu mashimo na mapipa yaliyo wazi. Wasiende kulaumu, wabebe mbao na nyundo.
2. Andikeni zamu ya walinzi wa watoto kwa kila siku ya kazi.
3. Amueni kama mkopo wa ujenzi utatolewa kwa mtu ambaye hajafunika shimo lake.

Yule mama mjane alihamia nyumba yake. Ukienda leo utakuta lile pipa bado liko, limepinduliwa karibu na mlango, na watu hukaa juu yake wakisubiri chai. Kikundi kile sasa hakianzi kazi Jumamosi kabla mwenyekiti hajauliza kwa sauti: "Leo watoto wako na nani?" Mpaka jina litajwe, hakuna anayeshika koleo.

Tumalize kwa kumwomba Mtakatifu Yosefu, fundi seremala aliyemlea Mtoto penye mbao na misumari, atuombee sisi tunaojenga.

Mungu awabariki. Tukutane mwezi ujao.