SOMO LA WIKI: Mpango wa dengu upimwe kabla fedha hazijatoka

Dengu za Kishapu na za upande wa Lalago zinapoanza kuingia Kolandoto, hesabu zinazopigwa ni zilezile kila mwaka: nunua Agosti bei ikiwa chini, weka ghalani, uza Desemba. Wapo waliojenga nyumba kwa hesabu hiyo, na wapo waliouza nyumba kwa hesabu hiyohiyo. Somo la wiki hii linahusu namna ya kuujaribu mpango kama huu kwa msaada wa programu za akili mnemba, ambazo sasa zimo katika simu za wafanyabiashara wengi na zinajibu kwa Kiswahili.

Tuanze na swali lisilofaa kuulizwa, nalo ndilo linaloulizwa zaidi: "Je, mpango wangu ni mzuri?" Programu hizi zina tabia ya kukubaliana na mwenye swali. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilikuwa likiwasifu watumiaji kupita kiasi. Mshauri wa namna hiyo hana tofauti na dalali anayesubiri kamisheni yake.

Swali linalofaa ni kinyume chake. Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, alieleza njia rahisi: kabla ya kuanza kazi, watu wachukue kwamba kazi imekwisha kushindwa, kisha kila mmoja aeleze kwa nini imeshindwa. Iandikie programu hivi: "Leo ni tarehe 20 Desemba. Mpango huu umenitia hasara. Nieleze mambo yaliyouangusha, ukianza na yale madogo." Halafu uipe mpango wote kwa tarakimu. Bila tarakimu zako utapata hotuba.

Tuchukue mfano, bei ni za mfano tu, msomaji aweke zake. Mtu ana shilingi 6,000,000 na amekopa 6,000,000 nyingine kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ananunua tani 8 kwa shilingi 1,200 kwa kilo, yaani 9,600,000. Magunia, dawa, upakiaji, usafiri, ushuru na ghala vinakula shilingi 150 kwa kilo, yaani 1,200,000. Riba ya miezi minne ni 720,000. Jumla ni 11,520,000, sawa na 1,440 kwa kilo. Akiuza kwa 1,700 anapata 13,600,000, na faida ni 2,080,000. Kwenye karatasi ni biashara safi.

Sasa ingiza mambo madogo. Wadudu na kukauka vinapunguza uzito kwa asilimia 5: kilo 400 zimepotea, sawa na 680,000. Mnunuzi anachelewesha malipo miezi miwili: riba inaongezeka 360,000. Bei inaishia 1,600 badala ya 1,700: kwa kilo 7,600 zilizobaki hiyo ni 760,000. Faida iliyobaki ni 280,000 kwa kazi ya miezi sita, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu linaloweza kuitwa balaa. Wengi hujaribu mpango wao kwa tatizo moja tu, wakaridhika. Iambie programu iyaunganishe matatu kwa pamoja, kisha rudia hesabu kwa kikokotoo, maana programu hizi hukosea kujumlisha na bado zikajibu kwa uhakika uleule.

Halafu kuna balaa lenyewe, ambalo kwa dengu, choroko na mbaazi karibu kila mara hutoka India, mnunuzi mkubwa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na wakulima wa Tanzania wakabaki na mbaazi zisizo na soko. Februari 2022 ikaondoa choroko katika bidhaa zinazoingia bila kikomo. Kwa amri za namna hii ghala limejaa na hakuna wa kumuuzia. Katika mfano wetu, bei ikianguka hadi 1,000 mwenye tani 8 anapata 8,000,000, na hasara yake ni 3,520,000, zaidi ya nusu ya fedha zake mwenyewe.

Amri za ushuru ni habari nyingine, na hapa ndipo msaidizi wa simu anaweza kumpotosha mtu. Mwaka 2018 India ilipandisha ushuru wa dengu hadi asilimia 60. Tarehe 4 Mei 2024 ikaufuta kwa dengu za aina ya kienyeji, na kuanzia Aprili 2025 ikaurudisha kwa asilimia 10. Uliza programu kama kufutwa kwa ushuru ni habari njema kwa Shinyanga, na jibu la haraka litakuwa ndiyo. Lakini Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ilikuwa na nafuu ya kuingiza dengu India bila ushuru. Aliyekuwa akibanwa ni Australia. Ushuru ulipofutwa, Australia ilipata mlango uleule tuliokuwa nao sisi, tena Australia huvuna kati ya Oktoba na Desemba, wakati mfanyabiashara wa Kolandoto anapotaka kutoa mzigo ghalani. Akisubiri zaidi, kuanzia Februari anakutana na mavuno ya India yenyewe. Kwa hiyo baada ya kila jibu la programu uliza tena: "Nani mwingine anafaidika na jambo hili, na anavuna lini?" Swali hilo hubadilisha jibu mara nyingi.

Jambo ambalo programu haitakuambia kwa uhakika ni amri ya msimu huu hapa mkoani. Dengu na choroko zimekuwa zikiingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi na mzigo huuzwa mnadani. Pale mfumo unapotumika, kununua shambani kwa shambani kunaweza kukufanya upoteze mzigo wote, na hesabu zote za juu zikawa hazina maana. Uliza kwanza kwa ofisa biashara au ofisa ushirika wa halmashauri, na utake tangazo lenye tarehe. Vivyo hivyo na bei: programu ikitaja bei ya dengu Shinyanga leo, ichukulie kama neno la mpita njia mpaka uisikie kwa wanunuzi wawili.

Mpango ukishavunjwa, jaribu njia nyingine kwa misukosuko ileile. Njia ya pili ni kutokopa: tani 4 kwa fedha za mfukoni. Gharama ni 5,400,000. Bei ikiwa 1,700 faida ni 1,400,000. Ikiwa 1,000 hasara ni 1,400,000. Mtu analala.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na wajanja: kopa, nunua tani 8, uza nusu baada ya mwezi kwa bei ya wastani, tuseme 1,400, rudisha mkopo, kisha ushikilie nusu iliyobaki. Inasikika vizuri. Lakini tani 4 zilizouzwa zimegharimu 1,350 kwa kilo, na riba ya mwezi mmoja ni 180,000, yaani shilingi 45 kwa kila kilo iliyouzwa. Gharama imefika 1,395. Mkopo wa milioni sita, pamoja na usumbufu wake wote, umeleta shilingi 5 kwa kilo, jumla 20,000. Faida ya mwisho ni 1,420,000 badala ya 1,400,000, na bei ikianguka ndani ya mwezi huo wa kwanza mkopo unabaki mgongoni. Anayetaka njia hii aandike kabla ya kukopa bei ambayo chini yake hatakopa kabisa. Kwa tarakimu hizi, hata 1,450 baada ya mwezi inaacha 220,000 tu, kabla hujahesabu wadudu.