Kazi ya Bwana Miti

Wengi wetu twamjua bwana miti kuwa ndiye mtu wa kuwakamata wenye mashoka. Lakini kazi yake kubwa ni kupima, nayo ni wachache walioitazama. Katika Tanzania vijana hufundishwa kazi hiyo katika Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, karibu na Arusha, kilichoanza mwaka 1937. Basi na tuifahamu.

Kwanza, hawezi kupima kila mti katika msitu wa miti maelfu. Kwa hiyo hupima vipande vichache, mahali palipowekwa na ramani, wala si pale panapompendeza yeye. Akifika hupiga kigingi, huvuta kamba ya meta 11.28, na kuzunguka nayo. Duara hilo ni sehemu moja ya 25 ya hekta. Mtelemkoni kamba haifuati ardhi, ila hushikwa sawa kama uso wa maji, kusudi duara lisipungue.

Pili, kila mti uliomo hupimwa unene wake kwenye kimo cha kifua, yaani meta 1.3 toka ardhini; na penye mtelemko kimo hicho huanzia upande wa juu. Huuzungusha utepe, na sentimeta azipatazo huzigawanya kwa 3.14. Mti wenye mzunguko wa sentimeta 94 una kipenyo cha 30 hivi.

Tatu, tuangalie hatari ya kosa dogo. Mti mmoja ukizidishwa katika kila duara, ni miti 25 kwa kila hekta. Na katika hekta 100 ni miti 2,500 isiyokuwapo. Tena akiandika kipenyo cha 33 badala ya 30, kwa miti ya urefu mmoja, amezidisha mbao kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Hesabu hizo ndizo zitumikazo kupanga miti ya kukatwa. Lakini msumeno haukati miti ya karatasini, hukata iliyosimama. Ndivyo msitu unavyokwisha upesi kuliko unavyokua, na hasara huonekana mwandikaji akiwa amekwisha kustaafu.

Sasa mfikirini mtu huyu jioni, mvua inanyesha, na duara la mwisho liko bondeni penye miiba. Aweza kuketi chini ya mti na kubuni hesabu, hakuna amwonaye. Hapo mpimaji naye hupimwa. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Bali ufupi wake watalipa watoto wetu, watakapotafuta mbao na kuni wasizipate.

Basi akija kwetu kuomba mtu wa kumshikia kamba, tusimkimbie.

Maswali:
1. Kwa nini asijichagulie mahali pa kupima?
2. Upimeni mti mmoja wa nyumbani. Kipenyo chake ni sentimeta ngapi?
3. Katika kazi zetu, ni kipimo gani ambacho hakuna atukaguaye?