Mishipa ya Limfu na Ugonjwa wa Matende

Damu inapopita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katika nyama za mwili. Mengi hurudi kwenye damu yenyewe. Yanayobaki, takriban lita 3 kwa siku kwa mtu mzima, huchukuliwa na mishipa ya limfu. Mfumo huu hauna moyo wa kuyasukuma. Limfu hupanda kwa sababu kuta za mishipa hujikaza, misuli ya miguu huibana mtu anapotembea, na vali ndogo huizuia kushuka tena. Mwishowe humwagika katika vena kubwa chini ya shingo.

Njiani limfu huchujwa kwenye tezi za kinenani, kwapani na shingoni, ambako chembe nyeupe hupambana na vijidudu. Ndiyo maana kidonda cha mguu huleta mtoki kinenani: tezi iko kazini.

Kuanzia Utete hadi vijiji vya delta ya Rufiji upande wa Kibiti, adui mkubwa wa mishipa hii ni minyoo wa matende, wanaoenezwa na mbu. Minyoo waliokomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka. Watoto wao hujitokeza kwenye damu usiku, na kwa hiyo wapimaji wanaowatafuta humo huchukua damu usiku. Mishipa hutanuka, vali hulegea, maji hutuama. Mguu huvimba, na kwa wanaume maji hujaa kwenye mfuko wa korodani na kuwa busha. Si kweli kwamba busha huletwa na madafu au kurogwa.

Tanzania ilianza kugawa kingatiba, ivermektini na albendazo, mwaka 2000 kisiwani Mafia, ng'ambo ya delta, kisha Rufiji nayo ikafikiwa. Dawa huua hasa watoto wa minyoo, si wazazi wao. Kwa hiyo humezwa kila mwaka inapogawiwa, hata na asiye na uvimbe, kwani anaweza kuwa na minyoo bila kujua. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi.

Mguu uliovimba huoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, taratibu, hadi kwenye mikunjo na katikati ya vidole, kisha hukaushwa kwa kitambaa laini bila kusugua. Unyevu ukibaki humo, ngozi huchanika, vijidudu huingia, na homa na maumivu hufuata. Mgonjwa akikaa au kulala, mguu uinuliwe. Busha huondolewa kwa upasuaji. Mwenye nalo asijifiche nyumbani, aende hospitali.