Umenunua mashua? Anza chini ya maji

Wadogo zangu, swali mnaloniletea siku hizi ni moja: "Dada, nimepata mashua, ninunue kifaa gani kwanza?" Hongereni sana. Jibu langu ni kwamba kabla ya kifaa chochote, tenga pesa ya matengenezo. Tanga jipya huonekana na kila apitaye pwani, lakini kinachokula chombo kiko chini ya maji, na hukioni mpaka ukitafute.

Kukitafuta hakuna gharama. Bamvuo huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Yakijaa, sogeza mashua mchangani, iegemeze vizuri, ungoje yapwe. Kisha chukua kisu, inama, uchokonoe ubao mmoja mmoja mpaka kwenye mkuku. Ukiona kitundu cha kupita sindano, usikidharau. Mdudu wa mbao huingia akiwa mdogo sana, akakua humo humo akila kwa kufuata urefu wa ubao. Nje pazima, ndani pametobolewa. Kisu kikizama bila kusukumwa, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Fundi atakwangua chaza, atapitisha moto wa makuti, atapiga kalafati kwa pamba kwenye maungio, kisha atapaka deheni ya shahamu na chokaa. Simama naye, uliza, shika nyundo. Ukitaka rangi ya dukani badala ya deheni, amua mapema, maana rangi haishiki penye mafuta. Wala usiiache mashua juani wiki nyingi: mbao zikikauka hunywea, maungio yakafunguka, na siku ya kuishusha itavuja kila upande. Ikibidi ikae nchi kavu, ifunike kwa makuti.

Sasa kamba. Ya nanga iwe ya nailoni, kwa sababu hunyumbuka wimbi linapovuta. Urefu wake usipungue mara 5 ya kina, na kina hicho ukipime maji yakiwa yamejaa. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, kinyume chake isinyumbuke, la sivyo foromali, ule mti unaobeba tanga, itashuka upepo ukizidi. Tafuta kamba ya poliesta. Kila mwezi ipitishe yote mkononi, hasa pale inapopita kwenye kapi juu ya mlingoti. Ikianza kuota nywele, igeuze ncha au ibadilishe. Demani, ile kamba ya kuongozea tanga, nayo ikague vivyo hivyo.

Tanga lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke, ndipo ulikunje. La pamba likikunjwa bichi huota koga na kuoza. La poliesta adui yake ni jua, kwa hiyo lifunike. Mshono ukifunguka kidogo, ushone jioni hiyo hiyo. Kazi kubwa zote zimalize wakati wa tangambili, kabla kusi halijashika.

Ndani ya mashua pasikose kopo la kutolea maji, kasia la akiba, sindano na uzi wa tanga, kisu, filimbi, tochi na simu ndani ya mfuko usioingia maji, pamoja na pamba na shahamu kidogo za kuzibia palipovuja njiani. Asubuhi sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi.

Na jaketi za kuokolea, wadogo zangu, hapo sina masihara. Kila kichwa na jaketi yake, imevaliwa, imefungwa. Mkiwa watano na jaketi ni nne, mmoja anashuka, hata akiwa mjomba wako, hata akinuna. Atakasirika leo, kesho mtakula pamoja.