Nipake kalipa za breki rangi ya brashi au ya unga?

SWALI: Fundi, nataka kalipa za gari langu ziwe nyekundu. Njia ipi ni salama?

JIBU: Ndugu yangu, kama huzifungui vipande vyote, chukua brashi na rangi inayostahimili joto kali. Rangi ya unga ni imara zaidi, lakini huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Raba za pistoni zikibaki ndani zitaharibika, na breki itavuja. Kazi kubwa ni usafi: sugua kutu kwa brashi ya waya, ondoa mafuta yote, kisha ziba diski, pedi, raba na nipeli ya kutolea upepo. Tafadhali, kalipa isining'inie kwa mpira wake wa breki. Ifunge kwa waya.