Upasuaji wa Macho kwa Leza: Yasiyoonekana Katika Ubao wa Herufi

Huduma nyingi za hospitali mlaji huzifuata kwa sababu hana njia nyingine. Upasuaji wa macho kwa leza ni tofauti. Jicho linalopasuliwa aghalabu ni jicho zima, lisilo na ugonjwa, ambalo huona barabara likivikwa miwani. Mtu huamua kulipasua kwa kuwa amechoshwa na miwani yenyewe: huteleza kwa jasho, huingia ukungu kwa mvuke wa chai, huvunjika safarini, au humfungia kazi aliyoitamani. Sababu hizo ni za haki, wala hatumlaumu yeyote aliye nazo. Lakini maadamu huduma ni ya hiari, na maadamu nyama ya jicho ikishaondolewa hairudi, mlaji ana haki ya kujua kwanza waliomtangulia waliona nini baada ya kushuka kitandani.

Somo hili lahusu hasa njia iitwayo LASIK, ambayo ni mashuhuri kuliko nyingine. Wapo Watanzania wanaoifuata Nairobi, na wapo wanaosafiri hadi India. Swali tunalotaka kulijibu ni moja: mgonjwa anapoambiwa kuwa amefanikiwa, mafanikio hayo yamepimwa kwa kipimo cha nani?

Kinachofanyika

Konea ni sehemu angavu ya mbele ya jicho, mithili ya kioo cha saa. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga ili ukutane sawasawa kwenye retina, nyuma ya jicho. Kwa asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla ya kufika hapo. Katika LASIK daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, kisha leza huchonga nyama iliyo chini yake kwa kipimo kilichopangwa na kompyuta. Kifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Njia iitwayo PRK haina kifuniko: ngozi ya juu ya konea huondolewa na kuachwa iote upya, ndiyo maana maumivu ya siku za mwanzo huzidi na uoni hurudi polepole. Katika njia ya SMILE, kipande chembamba cha konea hutolewa kupitia tundu dogo.

Masimulizi ya waliofanyiwa LASIK hufanana kwa mengi. Jicho hutiwa matone ya ganzi na kope hushikiliwa wazi kwa kifaa. Pete inayolibana jicho wakati kifuniko kinapokatwa hufanya mwanga ufifie au uzimike kabisa kwa muda mfupi, jambo linalowashtua sana wale ambao hawakuambiwa mapema. Leza inapofanya kazi husikika mlio wa kugongagonga na harufu kama ya nywele zinazoungua. Macho yote mawili kwa kawaida humalizwa ndani ya nusu saa. Jioni ile macho huwasha, hutoa machozi, na mtu huhisi kama ana mchanga ndani. Kuyasugua ni mwiko, kwa kuwa kifuniko chaweza kuhama. Mwenye maumivu makali, au ambaye uoni wake unazidi kufifia badala ya kuimarika, asingoje siku ya miadi; amtafute daktari mara moja. Wengi huamka kesho yake wakiona vizuri, ila uoni huchukua miezi 3 hadi 6 kutulia.

Walichosema wagonjwa walipoulizwa

Nchini Marekani leza za kuchonga konea zilianza kuidhinishwa katikati ya miaka ya 1990, na idhini hutolewa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA. Aprili 2008 mamlaka hiyo iliitisha kikao cha hadhara, na waliokwisha kufanyiwa LASIK wakapewa nafasi ya kusema. Wapo waliosifu. Wapo pia waliosimulia macho makavu yenye kuchoma yasiyopona, taa za usiku zilizotawanya miale pande zote, na huzuni nzito iliyofuata. Baadhi yao walikuwa wakiusoma ubao wa herufi bila tatizo. Kwa mujibu wa faili, hao walikuwa wamefanikiwa.

Kikao hicho kilizaa utafiti. Kuanzia mwaka 2009 FDA, ikishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Macho na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliwauliza wagonjwa wenyewe kwa dodoso, kabla na baada ya upasuaji. Kundi la kwanza lilikuwa la wanajeshi wa majini 262, na la pili la raia 312 katika vituo vitano. Utafiti huo hujulikana kwa jina la PROWL.

Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu, kwa kuwa mtu aweza kuchukua nusu moja tu na kuitumia apendavyo. Zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa walisema wameridhika na uoni wao. Papo hapo, miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili yoyote ya uoni kabla ya upasuaji, hadi asilimia 46 walikuwa wamepata angalau dalili moja mpya baada ya miezi 3: kuona picha mbili, mng'ao unaoumiza, miale inayotawanyika kutoka kwenye taa, au duara za mwanga zinazoizunguka. Kati ya wale ambao hawakuwa na ukavu wa macho, hadi asilimia 30 walikuwa nao baada ya muda huohuo. Waliosema kwamba dalili za uoni zinawatatiza sana katika shughuli za kawaida, au zinawazuia kuzifanya, hawakufika asilimia 1.

Je, takwimu hizi zinapingana? Hazipingani. Mtu aweza kuona duara hafifu kuzunguka taa ya barabarani na bado akafurahi kwamba anaiona barabara bila miwani. Tena wapo waliokuwa na dalili kama hizo wakiwa na miwani yao, zikapungua baada ya upasuaji. Kwa hiyo anayedai kuwa LASIK huharibu macho ya watu nusu kwa nusu anapotosha. Lakini anapotosha vilevile anayebandika ukutani kwamba wateja karibu wote wameridhika, akanyamaza kuhusu yaliyobaki. Asilimia 1 ni kitu kidogo kwenye karatasi. Kwa aliyeangukiwa nayo ni macho yake yote mawili, kila siku.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo sisi tunaliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Wagonjwa walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kutaja dalili kwenye dodoso kuliko kumwambia mhudumu wa afya ana kwa ana. Maana yake ni kwamba daktari mwaminifu kabisa aweza kusema, "Wagonjwa wangu hawalalamiki," na akawa anasema kweli kama aijuavyo. Ikiwa hali ni hiyo huko Marekani, ambako mgonjwa huthubutu hata kumshtaki daktari, tutafakari hali ilivyo kwetu, ambako kumwambia daktari kuwa kazi yake haikukaa sawa huhesabiwa na wengi kuwa utovu wa adabu. Twamsihi mlaji asione haya. Dalili isiyosemwa haiandikwi, na isiyoandikwa haiwezi kutibiwa wala kudaiwa.

Mchana chumbani, usiku barabarani

Ubao wa herufi hupima jambo moja: kama mtu aweza kutambua herufi nyeusi kwenye ubao mweupe wenye mwanga wa kutosha. Anayesoma mstari unaotakiwa huandikiwa 6/6. Maisha hayako hivyo. Tuchukue mfano wa dereva wa lori la masafa. Mchana chumbani kwa daktari mboni yake ni ndogo, na mwanga hupita katikati ya konea, palipochongwa vizuri zaidi. Usiku mboni hupanuka; mwanga hupita hadi ukingoni mwa eneo lililochongwa, na hapo ndipo taa za gari linalokuja huota miale. Herufi zake bado ni 6/6. Dereva wa namna hii, au yeyote ambaye riziki yake iko gizani, aulize swali la usiku waziwazi, wala asikubali kujibiwa kwa tarakimu za mchana.

Ukavu nao una sababu yake. Kifuniko kinapokatwa, mishipa midogo ya fahamu ya konea hukatwa pia, na jicho hupungukiwa na hisia inayoliambia kwamba linahitaji machozi. Mishipa hiyo huota tena, na kwa wengi ukavu hupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa wachache hubaki, na hao huishi kwa kutegemea matone. Mwendesha bodaboda anayekula upepo na vumbi kutwa nzima, au karani anayekodolea kompyuta, afanyiwe kipimo cha machozi kabla ya yote.

Anayepaswa kuambiwa hapana

Kituo kizuri hukataa wateja. Konea iliyo nyembamba kupita kiasi, au iliyoanza kuchongoka kama koni, haifai kuchongwa, kwa kuwa yaweza kudhoofika na kutokeza zaidi. Tunalisisitiza hili kwa sababu kusugua macho kwa muda mrefu kumehusishwa na kuchongoka huko, na vijana wengi wa kwetu wenye mzio wa macho wameyasugua tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo adai kipimo cha ramani ya konea na aeleze historia yake yote bila kuficha. Vilevile asiharakishe ambaye namba ya miwani yake ingali ikibadilika, mjamzito au anayenyonyesha, mwenye kisukari, na mwenye maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Anayevaa lenzi laini machoni aache kuzivaa wiki 2 hivi kabla ya vipimo, na za kigumu kwa muda mrefu zaidi, kwani hubadili umbo la konea na kuvipotosha vipimo.

Tangazo na bei

Maneno "agana na miwani milele" tunayahesabu kuwa ahadi isiyotimizika. Mtu akishapita miaka 40 lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza wepesi wake, na miwani ya kusomea huhitajika, awe alichongwa konea au la. Hata asiyeona mbali, ambaye leo huvua miwani na kusoma gazeti bila shida, aweza kuupoteza uwezo huo baada ya upasuaji.

Bei nayo mara nyingi hutangazwa ya jicho moja. Kabla ya kulipa, mlaji apate kwa maandishi: vipimo vya awali vimo au havimo, matone, ziara za kufuatilia, na kwa muda gani, na endapo uoni haukufikia lengo, marudio yatalipiwa na nani. Aliye safarini nje ya nchi aongeze swali moja: akirudi nyumbani jicho likaanza kuuma, ni daktari gani wa hapa aliyekubali kumpokea? Amana isilipwe siku ileile ya vipimo. Anayemhimiza mteja kusaini kabla hajaenda nyumbani kulala na kufikiri, kwa sababu punguzo linaisha leo, anafanya biashara na si tiba. Fomu ya ridhaa isomwe siku kadhaa kabla, katika lugha anayoielewa mgonjwa. Aliyekwisha kutiwa matone ya ganzi hawezi kusemwa kuwa amesoma.

Kumbukumbu za kutunza

Mlaji aombe nakala ya vipimo vyake vya kabla ya upasuaji: namba ya miwani, unene na umbo la konea, na presha ya jicho. Wengi huziacha kituoni, na baada ya miaka 20 kituo hakipo. Konea iliyochongwa huwa nyembamba, na kifaa cha kupimia presha ya jicho chaweza kuonyesha kiwango kidogo kuliko kilivyo kweli. Ugonjwa wa presha ya macho ukajificha hapo. Mtu huyohuyo akija kupata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atakayemwekea lenzi ya bandia huihitaji namba ya zamani ili asikosee hesabu. Karatasi hizo ziwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kila daktari wa macho wa baadaye aambiwe kuwa upasuaji ulifanyika.

Mlalamikaji aanze kwa kituo chenyewe, kwa barua yenye tarehe, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa Tanzania Bara, jambo linalohusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na tangazo la kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Aambatishe stakabadhi, fomu ya ridhaa, nakala ya tangazo lililomvuta, na maelezo ya dalili zake: zilianza lini, hutokea saa ngapi, na zinamzuia kufanya nini.