Mafuta Yanayoelea: Uthabiti wa Maziwa ya Tiba katika Wodi ya Utapiamlo

Jagi la maziwa ya tiba likiachwa mezani kwa muda, huweza kufanya utando wa njano juu yake. Wapo wanaouchukulia utando huo kuwa jambo la sura tu, ilhali ndani yake mna sehemu ya dozi ya mtoto.

Lita 1 ya F-75 inayopikwa kwa unga wa nafaka huwa na gramu 25 za maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, gramu 70 za sukari, gramu 35 za unga na gramu 27 za mafuta ya kula, pamoja na madini na vitamini. Mafuta hayo peke yake hutoa kilokalori zipatazo 243 kati ya 750, karibu theluthi moja. Katika F-100 suala huwa zito zaidi, kwa kuwa gramu 60 za mafuta hubeba zaidi ya nusu ya nishati yote. Mafuta yakipanda juu, mtoto anayemiminiwa kikombe cha kwanza hupata mafuta kupita kiasi, na wa mwisho hupata pungufu. Daftari la wodi litaonyesha kwamba wote wawili walikunywa mililita zilizoagizwa. Mtoto wa pili asipoongezeka uzito, lawama humwangukia mama yake, na huo ni uonevu iwapo hakuna aliyelitazama jagi.

Mafuta na maji havipatani. Yakipekechwa pamoja, mafuta hugawanyika kuwa matone madogo yaliyotapakaa majini. Mchanganyiko huo huitwa emalsheni. Matone yanapokutana huungana tena, isipokuwa kitu fulani kikae kwenye mpaka wa mafuta na maji na kuyazuia. Katika maziwa, kazi hiyo hufanywa hasa na kaseini, protini ambayo sehemu zake nyingine huelekea maji na nyingine huelekea mafuta. Sehemu kubwa ya kaseini husafiri ikiwa imefungamana katika vifundo vidogo mno, hivyo huyalinda matone kama protini na kama chembe. Uwezo wa chembe ndogo kulinda matone ulielezwa na Ramsden mwaka 1903, kisha na Pickering mwaka 1907. Chembe ikishanasa mpakani, huhitaji nguvu kubwa kuibandua.

Wanga wa unga hufanya kazi nyingine. Ukipikwa, punje zake hufyonza maji na kuvimba, uji huwa mzito, na matone hupanda polepole. Lakini ukubwa wa tone ndio wenye uamuzi: kasi ya kupanda hufuata mraba wa kipenyo, hivyo tone lenye nusu ya kipenyo hupanda kwa robo ya kasi. Ndiyo maana blenda hushinda kijiko. Pasipo blenda, maziwa ya unga, sukari na mafuta huchanganywa kwanza hadi yawe rojo laini, kisha maji yaliyochemshwa huongezwa kidogo kidogo huku yakipekechwa kwa nguvu. Kabla ya kumimina kila kikombe, jagi hukorogwa tena.

Kujitenga si kwa namna moja. Tui la nazi likilala usiku kucha hufanya tabaka zito juu. Matone bado ni mazima, na kukoroga huyarudisha. Matone yaliyokwisha kuungana na kuwa dimbwi la mafuta ni jambo jingine, kwani kukoroga huyatawanya kwa muda mfupi tu. Maziwa yaliyochacha ni mabaya zaidi: asidi huifanya kaseini igande, hasa pH inapokaribia 4.6. Hayo humwagwa, wala hayapekechwi upya.

Maziwa ya mama nayo ni emalsheni, na karibu nusu ya nishati yake imo katika mafuta. Yakikamuliwa kwa ajili ya mtoto njiti na kupitishwa taratibu kwa pampu, mafuta hupanda ndani ya sirinji na mengine hunata kwenye mrija. Sirinji ikilazwa, au mdomo wake ukielekea chini, mafuta hubaki nyuma na huweza kutupwa pamoja nayo. Mdomo ukielekezwa juu, mafuta hutangulia kuingia. Na pale hali ya mtoto inaporuhusu, kumlisha kwa vipindi vifupi hupoteza mafuta machache kuliko kumdondoshea kwa saa nyingi mfululizo.